Sukari ya Chai na Sukari ya Kazi

Mama yangu alikuwa na vyombo viwili vya sukari. Cha kwanza kilikuwa kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko uliobonyea, likikaa juu ya kabati. Hiyo ilikuwa sukari ya chai. Cha pili kilikuwa debe dogo la mafuta ya kula lililokatwa mdomo, likikaa chini ya kitanda chake, limefunikwa kwa kipande cha kanga. Hiyo ilikuwa sukari ya kazi. Mtoto aliyechota kwenye debe alichapwa, hata kama siku hiyo kopo lilikuwa tupu na chai tumeinywa kavu. "Hiyo si sukari," alituambia. "Hayo ni madaftari yenu."

Nimefundisha somo la historia kwa zaidi ya miaka thelathini, na nimesoma mengi kuhusu viwanda vya sukari, vibali, ushuru na bodi. Bado sijaona sheria iliyoeleza jambo hili vizuri kama mama alivyolieleza kwa kopo na debe. Sukari ya kunywa nyumbani ni chakula. Sukari ya kupikia cha kuuza ni malighafi. Wenye viwanda vikubwa wamepigania tofauti hiyo kwa miaka mingi hadi ikaandikwa katika sheria za forodha. Mpika maandazi wa Kiabakari, kwetu mkoani Mara, hakuwahi kuandikiwa. Kwa muda wote ninaoukumbuka, serikali ikimwangalia imemwona mlaji tu, au imemwona mlanguzi.

Mama alianza kukaanga maandazi kabla mimi sijazaliwa, na mimi nilizaliwa 1963. Baba alikuwa kibarua katika mgodi wa dhahabu uliofunguliwa hapa enzi za Mwingereza. Mgodi ndio ulioifanya Kiabakari iwe mahali pa kununua na kuuza. Kabla yake wazee wetu, Wazanaki na majirani zao, walikunywa uji wa ulezi na mtama, na utamu ulitoka kwenye asali au kwenye muwa uliotafunwa shambani. Mgodi ulileta zamu, na zamu ikaleta chai. Mtu anayeingia chini ya ardhi alfajiri hana muda wa kungoja uji uive. Anataka kikombe cha chai ya moto na maandazi mawili, alipe, aende. Mama alisema wateja wake wa kwanza walitoka makabila ambayo hakuwahi kuyasikia, na wote walikuwa na neno moja: ongeza sukari.

Sukari yenyewe aliinunua kwa Mhindi mwenye duka, ikitoka kwenye gunia la kilo mia, ikipimwa kwa mizani ya shaba na kufungwa kwenye karatasi ya gazeti iliyosokotwa kama pia. Magunia yalikuja Musoma kwa meli kutoka Kisumu, halafu yakapanda lori. Ukiangalia ramani utaelewa. Miwani, mashariki kidogo ya Kisumu, palikuwa na kiwanda cha sukari tangu miaka ya 1920. Kwetu Tanganyika kiwanda kikubwa kilikuwa Arusha Chini, kusini ya Moshi, kilichoanzishwa na Wadenishi katika miaka ya 1930, na kati yake na sisi kulikuwa na nyika yote ya Serengeti. Kwa mtu wa Mara ziwa lilikuwa barabara, na Kisumu ilikuwa jirani kuliko Moshi. Jambo hili nitalirudia, kwa sababu mipaka iliyochorwa baadaye haikubadili umbali.

Mwenye duka yule alikuwa na daftari la mkopo. Alijua kwamba mama anapika, kwamba Jumamosi ni siku ya mshahara mgodini, na kwamba deni litalipwa Jumapili. Sisemi kwamba mambo yalikuwa mazuri. Baba alilipwa kidogo, na bei ya duka aliipanga mwenye duka peke yake. Nasema tu kwamba katika daftari lile mama aliandikwa kama mtu mwenye kazi. Alipewa kilo ishirini siku ambayo jirani yake alipewa moja, na hakuna aliyeshangaa.

Katikati ya miaka ya 1960 mgodi ukafungwa. Baba akarudi kwenye mihogo na pamba. Mama hakuacha karai lake. Kulikuwa na gereza, kulikuwa na barabara kuu ya Musoma kwenda Mwanza, na abiria wa basi ana njaa kama mchimbaji.

Kisha likaja Azimio la Arusha, Februari 1967. Butiama si mbali na kwetu, na Mwalimu Nyerere alikuwa mtu wetu. Hata leo siwezi kuandika neno la kumdharau. Lengo lilikuwa jema na ninalitetea mbele ya yeyote: bidhaa za lazima zisiwe mali ya wachache. Biashara ya nje na ya jumla ikawekwa chini ya shirika la umma, STC, na baadaye kila mkoa ukapata kampuni yake ya biashara, RTC. Mwaka 1973 ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa. Mwaka 1974 likaundwa shirika la kusimamia sukari, SUDECO. Mwaka huohuo wa 1974 operesheni ya vijiji ikapita Mara, watu wakahamishwa na kupangwa kwenye mistari, na miaka miwili baadaye ikaja Operesheni Maduka: maduka binafsi yafungwe, duka liwe la kijiji. Mhindi wetu alifunga milango na kuondoka. Sijui daftari lake la mkopo liliishia wapi. Mama alisema alimwachia deni la kilo tatu ambazo hakuja kuzidai.

Duka la kijiji lilifunguliwa kwa ngoma. Kwa muda sukari ilikuwepo, kwa bei iliyotangazwa redioni, na ninakumbuka mama akifurahi kwamba hakuna tena anayempunja kwenye mizani. Halafu ikaanza kuja kidogo, kisha kwa zamu, kisha kwa orodha.

Orodha ndiyo kiini cha habari hii. Balozi wa nyumba kumi alikuwa na daftari lenye mistari aliyoipiga kwa rula. Safu ya kwanza jina la mkuu wa kaya, ya pili idadi ya watu, ya tatu kilo alizopewa, ya nne sahihi au dole gumba. Sisi tulikuwa watu wanane, nasi tulipata kilo mbili kwa majuma mawili zikija, na mara nyingi hazikuja. Nilikuwa mdogo, lakini nilikuwepo siku mama aliposimama mbele ya meza yake.

"Shikamoo, baba balozi."

"Marahaba, mama. Watu wanane, kilo mbili."

"Baba, mimi napika. Kilo mbili haziwezi hata karai la siku nne."

Balozi alikuwa mtu mwema. Aliigeuza kalamu kidoleni, akaliangalia daftari lake kana kwamba alitaka safu ya tano ijitokeze. "Mama, hapa wameniandikia watu. Hawakuniandikia karai."

Kwa kweli hakuwa na pa kumwandika. Mgao uligawa sukari kwa vinywa. Mwalimu wa shule alikuwa na kinywa, askari magereza alikuwa na kinywa, mama alikuwa na kinywa. Kazi yake haikuwa na safu. Na kwa kuwa haikuwa na safu, kila kilo iliyoingia kwenye debe chini ya kitanda, nje ya zile mbili, ilikuwa kosa kabla hajaifungua.

Watu wa mjini hudhani maandazi ni unga na sukari ni ladha tu. Mpishi anajua vingine. Hamira huila sukari ndipo unga uumuke haraka; ukiipunja, unga unachelewa. Sukari ndiyo inayolipa andazi rangi ya hudhurungi likiguswa na mafuta, na ndiyo inayolifanya liwe laini hadi asubuhi ya pili. Mama alijaribu kupika bila sukari katika miezi ile mibaya. Alisaga ndizi mbivu, alitia maji ya miwa, alitumia sukari guru iliyokuja na wafanyabiashara wa kando ya mpaka. Sukari guru ilitoa andazi jeusi lenye harufu ya moshi, na wateja waliuliza kama limeungua. Alikuwa akilia jikoni akisema ni moshi wa kuni.

Kwa nini sukari ilikosekana? Nilipoanza kufundisha nilizikusanya sababu hizo moja moja. Viwanda vyetu, Kilombero kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1960, Mtibwa, Arusha Chini, vilikosa vipuri kwa kuwa fedha za kigeni zilikwisha. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na shamba la sukari la huko, lililokuwa ng'ambo tu ya ziwa kwetu, likaporwa na kuharibiwa. Kiwanda kipya hakikuanza kazi hadi 1982. Baada ya vita Mwalimu alituambia tufunge mikanda kwa miezi 18, na mikanda ikabaki imefungwa muda mrefu kuliko huo.

Sababu moja iliniuma kuliko zote nilipoisoma. Chini ya Mkataba wa Lomé wa 1975, Tanzania ilikuwa na mgao wake wa kuuza sukari Ulaya kwa bei nzuri, takribani tani 10,000 kwa mwaka. Nchi ilihitaji fedha za kigeni, na mgao usiotimizwa unaweza kupotea, kwa hiyo sukari iliendelea kupakiwa melini wakati sisi tukipanga foleni. Ninaelewa hesabu yake. Mafuta na dawa vilihitaji fedha hizo. Lakini kuna mtoto aliyekuwa akilala kwenye foleni ya duka la kijiji akiwa ameweka jiwe lishike nafasi yake, na mtoto huyo nilikuwa mimi.

Sasa turudi kwenye ramani. Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1979, kiwanda cha sukari cha South Nyanza kikaanza kazi Awendo, mwendo mfupi tu baada ya Migori. Kwa maneno mengine, mara tu tulipofungiwa mlango, jirani akajenga kiwanda nyuma ya mlango huo. Pale mpakani, Sirari yetu na Isebania ya Kenya ni mji mmoja wenye majina mawili. Wakurya wako pande zote mbili, wanaoana na kuzikana. Sukari ikapita usiku, kwa baiskeli na kwa vichwa, kwenye vifuko vidogo ili ikikamatwa isiwe hasara ya mtu mmoja. Tuliiita magendo, na mama aliinunua. Naandika hivyo bila kificho kwa kuwa ameshatangulia mbele ya haki, na kwa kuwa ninaamini hakuwa mwizi.

Wenye viwanda vikubwa duniani wakibanwa na sheria za sukari huwa na njia ya kutokea. Mwaka 2002 wenye pipi za Life Savers nchini Marekani walitangaza kufunga kiwanda chao mjini Holland, Michigan, na kuhamishia kazi Kanada, ambako sukari ilinunuliwa kwa bei ya soko la dunia. Niliposoma habari hiyo nilimkumbuka mama. Yeye hakuweza kulihamishia karai lake Awendo. Aliihamishia Awendo kwake, nusu kilo nusu kilo, usiku.

Machi 1983 ikaanza vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, na ikapitishwa sheria maalumu kwa ajili hiyo. Nilikuwa na miaka ishirini, niko chuo cha ualimu, nimekuja nyumbani likizo ya Pasaka. Lazima niseme kwamba walanguzi walikuwepo. Nilimfahamu mtu aliyeficha magunia ya chumvi ghalani huku watu wakila ugali na mboga za chukuchuku. Sokoine aliguswa na jambo la kweli, na alipofariki katika ajali ya gari Dakawa tarehe 12 Aprili 1984 tulilia kwa dhati. Ila sheria ilikuwa na jicho moja. Iliona sukari nyingi nyumbani, haikuona ya nini. Habari zilifika kwamba watu wanamwaga bidhaa mitoni na porini kwa hofu.

Jioni moja jirani alipita akasema kwa sauti ya chini kwamba kesho nyumba za barabarani zitakaguliwa. Kwenye debe kulikuwa na kilo tisa. Mama alikaa kimya muda mrefu, mikono magotini. Nilidhani atasema tukaifukie. Akasema, "Washeni moto." Tulikanda unga wote uliokuwepo, na ule wa kuazima kwa mama mdogo, na ule wa mtama tuliouchanganya humo. Tulikaanga usiku kucha kwa mwanga wa koroboi, mimi na wadogo zangu, mafuta yakituchoma viganja. Alfajiri kulikuwa na maandazi kwenye nyungo, kwenye beseni, juu ya mkeka, juu ya kitanda. Sukari ni bidhaa adimu; andazi ni andazi. Hakuna aliyekuja kukagua. Maandazi yaligawiwa bure kwa watoto wa shule, kwa abiria, kwa wagonjwa wa zahanati, na kwa balozi mwenyewe, aliyekula mawili akiwa amesimama na hakuuliza kitu.

Mpaka ulifunguliwa tena Novemba 1983. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa, na baada ya Mzee Mwinyi kushika nchi tukalizoea neno ruksa. Sukari ilichelewa kuachiliwa kuliko sabuni na nguo. Ukiritimba wa SUDECO katika kuisambaza ulilegea mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mama aliuona wakati huo akiwa bado na nguvu. Siku ya kwanza kununua mfuko mzima wa kilo 50 bila kuulizwa kitu, aliuketia njia nzima kwenye gari la mizigo kutoka Musoma, na alipofika hakuuweka chini ya kitanda. Aliuweka sebuleni. Uliketi pale kama mgeni wa heshima.

Viwanda navyo vikauzwa: Kilombero 1998, Mtibwa 1999, kile cha Arusha Chini 2000, Kagera 2001. Mwaka 2001 ikatungwa Sheria ya Sekta ya Sukari na kuunda Bodi ya Sukari Tanzania. Makubaliano ya msingi yalikuwa hivi: mwekezaji atatia fedha, atafufua mashamba, atanunua miwa ya wakulima wadogo wanaokizunguka kiwanda, na serikali nayo itamkinga dhidi ya sukari ya bei rahisi kutoka nje. Umoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyofufuliwa, ulioanza Januari 2005, ukaiweka sukari ya mezani kwenye orodha ya bidhaa nyeti, kwa ushuru wa asilimia 100. Kinga hiyo ilizaa matunda, na asiyekubali hilo hasemi kweli. Viwanda vilivyokuwa vikitoa zaidi kidogo ya tani 100,000 kwa mwaka vilipobinafsishwa, pamoja na vipya vilivyoongezeka, vilifika takribani tani 460,000 katika msimu wa 2022/23. Kuna familia Kilombero na Mtibwa zinazosomesha watoto kwa muwa.

Lakini viwanda vyetu kwa miaka mingi vilitengeneza sukari ya kahawia, ile ya chai. Mwenye kiwanda cha soda, cha juisi, cha biskuti au cha dawa ya maji ya watoto anahitaji sukari nyeupe iliyosafishwa kabisa, isiyobadili rangi wala kuacha mashapo chini ya chupa. Sukari hiyo ilibidi itoke nje. Wenye viwanda wakasema, kwa haki kabisa, kwamba kuwatoza asilimia 100 kwa kitu ambacho nchi haitengenezi ni kuwaua. Wakakubaliwa. Sukari ya viwandani ikapewa nafuu ya ushuru, asilimia 10, kwa kampuni zilizotajwa kwa majina na kiasi chake katika Gazeti rasmi la Jumuiya.

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa ni wakala wa forodha, ndiye aliyenifafanulia siku moja tukinywa chai Mwanza. Nilimwuliza maswali hadi chai ikapoa. Sukari moja, bandari moja, milango miwili: asilimia 10 huku, asilimia 100 kule. Lazima itavuja. Na ilivuja. Sukari iliyoingia kwa jina la viwanda ilifungwa upya na kuuzwa madukani, viwanda vya ndani vikalia, na serikali ikaongeza sharti: mwenye kiwanda alipe asilimia 15 zaidi anapoingiza, arudishiwe akithibitisha kwamba sukari yote imetumika kiwandani. Marejesho yakachelewa, fedha za viwanda zikakwama, na kwa miaka kadhaa hilo ndilo likawa lalamiko kubwa la wenye viwanda vya vyakula kila bajeti ilipokaribia.

Lalamiko lao ni la kweli na sina neno nalo. Ninachokitazama mimi ni ile orodha ya Gazeti. Ina jina la kampuni na ina tani. Nilipoiona nililiona daftari la balozi limezaliwa upya, safari hii likiwa na ile safu ya tano aliyoitafuta, safu ya kazi. Ila safu hiyo inaanzia kwenye tani. Anayenunua kwa kilo bado anahesabiwa kwa kinywa chake.

Februari 2016 Rais Magufuli alizuia uingizaji wa sukari usio na kibali ili kulinda viwanda. Sukari ikapungua madukani, bei ikapanda, ikatangazwa bei elekezi ya shilingi 1,800 kwa kilo, maghala yakakaguliwa. Nilikuwa bado darasani. Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu alinyoosha mkono akauliza kama huu ndio ule uhujumu uchumi niliowafundisha juma lililopita. Nikamwambia hapana, ni jambo jingine. Usiku nilikosa usingizi nikijiuliza kama nilimjibu sawasawa.

Nilistaafu 2023, nikiwa na miaka 60. Kwa sehemu ya kiinua mgongo nilijenga tanuri la matofali nyuma ya nyumba, nikaanza kuoka mikate na skonzi. Wateja wapo: vijana wa JKT wa Rwamkoma, askari magereza, wachimbaji wadogo, na mahujaji wanaokuja kwenye kituo cha Huruma ya Mungu ambao siku zao zikifika barabara hujaa. Nilifungua Novemba. Mvua za El Niño zilikuwa zimeanza, na nilizishukuru kwa ajili ya mihogo yangu. Sikujua kwamba mvua hizohizo zimegeuza mashamba ya miwa kuwa matope, matrekta hayaingii na muwa uliovimba maji hautoi sukari. Januari 2024 sukari ilitoweka. Serikali ikatangaza bei elekezi kwa kila kanda, na kwetu hakuna aliyeiona bei hiyo isipokuwa kwenye karatasi. Mwezi wa pili nilinunua kilo kwa 4,500. Duka moja lilisema halimpi mtu mmoja zaidi ya kilo mbili, ili kila mtu apate.

Kilo mbili. Nilicheka, halafu nikajikuta nimeketi kwenye benchi la nje la duka lile, nashindwa kuinuka.

Mwaka huohuo, kwa Sheria ya Fedha ya 2024, Bunge lilibadili Sheria ya Sekta ya Sukari ili Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula uweze kununua na kuhifadhi sukari ya kuziba pengo, kazi ambayo vibali vyake vilikuwa vikienda kwa wenye viwanda vya sukari. Mjadala ulikuwa mkali. Wenye viwanda vya sukari walisema kinga yao inabomolewa, Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Hussein Bashe, alisema wameshindwa kuleta sukari kwa wakati, na Mbunge Luhaga Mpina, aliyemtuhumu waziri kuhusu vibali, alisimamishwa vikao 15. Nilisikiliza yote redioni huku nikikanda. Mimi naunga mkono ghala la taifa. Nchi inayoweka akiba ya mahindi haina sababu ya kutoweka akiba ya sukari. Lakini katika masaa yote yale ya mjadala nilisikia majina mawili tu: viwanda na walaji. Niliendelea kungoja la tatu.

Kwa kuwa nilichoka kungoja, mwezi uliopita niliwaalika wanaopika cha kuuza hapa Kiabakari: wa maandazi, wa vitumbua, wa kashata, anayegandisha barafu za watoto, mama lishe wa stendi, kijana anayepika keki za harusi. Tulikaa tisa kwenye mkeka wangu. Nilipiga mistari kwenye daftari kwa rula, safu nne, kisha ya tano. Juu ya safu ya tano niliandika: sukari ya kazi kwa wiki. Tunataka kununua mifuko kwa pamoja Musoma, na tunataka karatasi hiyo ifike kwa afisa biashara wa wilaya, ajue kwamba tupo na ni kiasi gani. Mmoja aliuliza kama si hatari kuandika. Ni mkubwa kuliko mimi, alikuwa mtu mzima tayari mwaka 1983. Nilimweleza, na bado alifikiri kwa muda kabla ya kutaja kilo zake.

Tulipojumlisha zilikuwa kilo 186. Nilikuwa nimeshapiga mstari chini ya hesabu mtoto mmoja alipoingia anahema, ametumwa na bibi yake anayekaanga visheti nyuma ya stendi, ambaye miguu haimruhusu kutembea. Alinipa kipande cha gazeti kilichosokotwa. Ndani kulikuwa na mwandiko wa penseli: kilo saba, na tatu za Jumapili. Nikaufuta mstari.